Mwaka wa Ndizi Changa

Ule ulikuwa mwaka wa kula ndizi changa. Muulize mtu yeyote wa rika langu huku mlimani, hatakutajia tarehe, atakwambia mwaka ule wa ndizi changa, na utamwona anakunja mdomo. Migomba ilikuwa inalala yenyewe. Unaamka unakuta mgomba uliousifia jana umelala chini na mkungu wake, vidole vyembamba kama vya mtoto mchanga, na huwezi kuviacha vioze maana hakuna kingine. Tulizimenya utomvu ukatugandisha mikono, tukazichemsha na magadi, tukazichanganya na maharage, tukazimwagia maziwa ya mgando, na bado zilikwaruza ulimi. Mahindi yalikuwa yameotea kwenye gunzi shambani. Loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, tuliisahau kabisa. Watu walisema ni mvua, na mvua ilikuwepo, sikatai, ilinyesha mpaka mbwa wakaacha kubweka. Lakini mgomba hauangushwi na mvua peke yake. Mgomba unaanguka pale ardhi iliyoushika inapojiondokea chini kwa chini, na hilo tulichelewa kulijua, na tulipolijua halikutusaidia kitu.

Nimeukumbuka mwaka ule kwa sababu ya kaburi. Mwezi uliopita tumemzika mume wangu Anaeli, hapa hapa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, anavyozikwa mtu wa kwetu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na mfiwa hatakiwi kuinukainuka, lakini masikio hayakai mkekani. Nikawasikia vijana waliokuwa wanachimba. Mmoja akasema, "Oya, jembe linateleza." Mwenzake akamwambia, "Linateleza wapi, si umetoka kunywa wewe?" Yule akajibu, "Shuka mwenyewe uone. Udongo unang'aa huku." Mjukuu wangu Neema akainuka. Neema ni injinia wa udongo. Sijisifu, nasema jambo lilivyo: mimi niliishia darasa la nne, baba yake aliishia kidato cha nne, na yeye anavaa kofia ngumu na wanaume wenye ndevu wanamsubiri aseme kama nyumba ijengwe au isijengwe. Alikwenda pale na viatu vyake vya msiba, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kaburi la babu yake. Aliporudi mkekani nilimwangalia kidole. Kilikuwa na utelezi wa kijivu, laini, kama mtu aliyechovya kwenye uji wa ulezi. Utelezi ule nilishauona mara moja tu maishani mwangu, nikiwa mke kijana, na mtoto wangu wa kwanza, Eliya, mgongoni.

Wakati huo tuliishi kwa mama mkwe, chini kidogo ya hapa ninapoandikia. Anaeli alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama yake. Nyumba ilikuwa ya mbao na bati, vyumba vitatu, stoo ya kahawa, na jiko la nje ambalo moshi wake ulikuwa unajua kutafuta macho ya mwali, mke wa mwana. Mbele ya mlango lilikuwa kaburi la baba mkwe, limejengewa kwa saruji, na mama mkwe alikuwa anaanika maharage juu yake. Ndiyo, juu ya kaburi. Nilipoingia pale mara ya kwanza nilishtuka. Akaniambia, "Mwali, huyu mtu alipenda maharage maisha yake yote. Leo ndiyo ayachoke?" Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa miguu, na akikaa mahali anakaa. Kanisani alikuwa na benchi lake na mtu hakuthubutu kuliketi hata kwenye harusi. Nilimwogopa. Mkwe wa siku hizi anamjibu mama mkwe kwa simu mbele ya watu, lakini sisi tulijibu kwa chakula: ukiwa na hasira unazidisha chumvi, ukiwa na furaha unaongeza siagi, basi, hayo ndiyo maneno uliyopewa.

Chini ya kihamba watu wa barabara walikuwa wamekuja na tingatinga wakakata mguu wa kilima ili njia ipanuke. Walikata wima, kama mtu anavyokata mkate. Tuliwapigia vigelegele, mimi pia nilipiga, maana kahawa yetu ingeshuka mjini bila kubebwa mgongoni. Tingatinga likaondoka likaenda kukata kwa wengine. Mvua ikaanza, na ule ukuta wa udongo ukaanza kutapika barabarani, leo toroli moja, kesho mbili. Ndipo wakaletwa watu wawili kuutazama, wakapanga stoo yetu ya kahawa, na mama mkwe akasema mwali atawapikia. Mmoja alikuwa Injinia Bahati, kijana mrefu wa Kanda ya Ziwa, mpole, anayesalimia mpaka watoto. Wa pili alikuwa Hamisi, fundi wake wa vipimo, mtu wa Tanga, mdomo haufungwi. Walileta mabomba ya chuma ya kutolea udongo ardhini, na mzani, na kisanduku kimoja ambacho nitakieleza, maana kile kisanduku nakiota mpaka leo.

Mchana nilikuwa nawapelekea chakula. Stoo ilikuwa bado inanuka buni, na vikapu vyetu vilikuwa vimesukumwa ukutani, na katikati meza, na juu ya meza udongo wa kihamba chetu umekatwa vipande vipande kama sabuni ya mche. Hamisi akiinua kawa anaguna.

"Shemeji, leo tena?"

"Leo tena."

"Hizi si ndizi, shemeji. Hivi ni vidole vya malaika aliyekufa njaa."

"Kwenu Tanga mnakula nini?"

"Kwetu tunakula wali wa nazi, tunalala, tukiamka tunauliza kama wali umebaki."

Injinia alikuwa anakula bila kusema, anamaliza, anashukuru. Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza wanaufanyia nini udongo wa watu. Akasema, "Tunausukuma, mama, tuone unabisha mpaka wapi." Akanionyesha. Kisanduku kilikuwa cha chuma, kinachukua vitumbua viwili tu, kimekatwa kiunoni, nusu ya juu na nusu ya chini. Udongo unakaa katikati, umeshikwa na zote mbili. Hamisi akautwika vyuma vya uzani juu, kama unavyomtwika mtu mzigo, halafu akaanza kuzungusha mkono wa mashine polepole. Nusu ya chini inasukumwa, ya juu imezuiwa. Pembeni kuna kitu kama saa, na mshale wake ukaanza kupanda. Ulipanda, ukapanda, mimi nikajikuta nimebana pumzi kama ninayemwangalia mtu anavuta ng'ombe. Kisha mshale ukatetemeka, ukaanguka. Injinia akasema taratibu, "Umekatika." Kile kipande kilikuwa kimegawanyika katikati.

Wakaweka kipande kingine cha udongo ule ule, safari hii wamekilowesha mpaka kimeshiba. Hamisi alizungusha. Mshale ulipanda kidogo tu ukachoka. Hata yeye hakutia mzaha. Halafu Injinia akakirudisha kile cha kwanza, kilichokwisha kukatika, akakiunganisha vizuri, akakitwika vyuma vile vile, akasema kisukumwe tena. Hakikufika hata nusu ya ubishi wake wa mwanzo. "Hivi ndivyo ulivyo," akaniambia. "Ukishakatika mara moja, hata ukae miaka, pale ulipokatikia haubishi tena kama zamani." Hamisi akadakia, "Kama mwanaume aliyekwisha kupigwa na mkewe. Mara ya pili hata mkono hainui." Nikacheka nikatoka na sahani zangu. Nilicheka kweli. Nilikuwa sijui kwamba nimeonyeshwa kihamba chetu kikifa kwenye kisanduku.

Halafu kuna jambo la udongo wetu lenyewe, ambalo Injinia alikuwa hachoki kulisema. Udongo wa huku ni majivu ya mlima, ya zamani za mababu wa mababu. Ukiuokota unaona umekauka, mwepesi, mzuri. Ukiufinya kwa nguvu, unatoa maji kama kitambaa cha kudekia. Alikuwa anafinya donge kiganjani, maji yanamchuruzika mpaka kiwiko, anatikisa kichwa. "Unaficha," alisema. "Udongo huu unaficha maji yake kama mtu anayeficha ugonjwa."

Ufa nilikuwa wa kwanza kuuona, nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe juu ya nyumba. Ulikuwa ufa mmoja, umepita kwenye migomba kama uzi, unakwenda ukipinda kama mwezi mchanga kutoka mpaka wa jirani huyu hadi wa yule. Nilimwambia Anaeli, Anaeli akamwambia mama yake. Baadaye ukaingia kiganja, baadaye mguu. Mlango wa chumba chetu ukaanza kukataa kufunga, na Anaeli akauranda, na ukakataa tena, akauranda tena mpaka mbao ikawa nyembamba kama chapati. Ndivyo tulivyokuwa. Kilima kinatembea, sisi tunaranda mlango.

Mama mkwe alikwenda kuutazama ufa, mikono nyuma, akausoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Huu ni ugomvi. Ugomvi una dawa yake." Asiye wa mlimani aelewe: kwetu sale ni mmea mwembamba tu wa majani marefu, lakini ndilo mpaka na ndilo msamaha. Umemkosea mtu, mpelekee sale, hawezi kukukatalia. Mmegombea ardhi, wazee wanapanda masale, na atakayeyang'oa amejilaani yeye na uzao wake. Basi mama mkwe akapanda masale kando ya ule ufa wote, upande wa juu, safu moja inayopinda pamoja nao. Wazee wakaja, pombe ya ndizi ikanywewa, na mzee mmoja akakiambia kilima kwa Kimeru kwamba huu ndio mpaka wako na sisi, usiuvuke. Nilikuwepo. Nilishika kata. Nikaona jambo jema limefanyika, na hata leo siwezi kusema lilikuwa baya, kwa maana walifanya walichokijua.

Ila masale mapya yanataka maji, na wiki zile mvua ilikuwa imepumua, jua kali linachoma. Zamu yetu ya mfereji ilipofika, mama mkwe akachukua jembe lake mwenyewe, akayageuza maji kutoka kwenye mfereji wa juu, akayaelekeza kwenye masale. Maji yaliingia upande mmoja na hayakutokea upande wa pili. Alisimama pale ameshika kiuno, ameridhika. "Tazama yanavyokunywa," akaniambia. Injinia akapanda akikimbia, viatu vimejaa tope, mikono kichwani.

"Mama! Mama, unamwagilia ufa!"

"Namwagilia mpaka wangu."

"Mama yangu, maji haya yanashuka chini kwenye lile tabaka linaloteleza. Ndiyo hayo hayo yanayokiua kilima. Mfereji huu ufungwe leo."

"Wewe mtoto, umeoa?"

"Bado, mama."

"Ukioa utajua. Ugomvi haupatanishwi kwa kukimbia."

Injinia alikwenda kwa wazee wa mfereji. Walimkaribisha, wakamlisha, wakamsikiliza mpaka mwisho, maana ni wastaarabu. Kisha wakamwambia kwamba maji ya mfereji ni haki ya kila nyumba kwa zamu yake, yameachwa na waliochimba, na hayafungwi kwa neno la mgeni, hata mgeni akiwa na elimu. Mama mkwe baadaye aliacha kuyamwagilia masale yake, yalikuwa yameshika. Lakini mfereji ulibaki, unapita juu ya ufa kila siku kwenda kwa wengine, na mwanaume mmoja hawezi kuusimamia mchana kutwa akiwa na jembe. Sijui ni nani wa kumlaumu hapo. Nimetafuta miaka yote. Aliyekata mguu wa kilima hakuwepo, aliyemwaga maji alikuwa anaomba amani, na aliyejua alikuwa na kisanduku tu.

Niliwasikia wale wawili siku moja, nimesimama nje ya stoo na sinia, mbao zina nafasi. Hamisi alikuwa anauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Utamwambia huyu mama?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hapa pamekwisha."

"Nimeshawaandikia wakubwa. Walete mawe wajaze pale walipokata, tuchimbe mitaro ya kutoa maji. Wakileta mawe kitasimama."

"Na wasipoleta?"

Nikabisha hodi, nikaingia, nikaweka ndizi mezani. Injinia akamwambia mwenzake, "Kula, Hamisi, zinapoa." Mawe hayakuja. Tulikuwa tunasikiliza lori kila siku. Watoto wakisikia muungurumo wanakimbilia barabarani, wanarudi wanasema ni lori la bia.

Injinia alimwambia mama mkwe, mwisho. Alimwambia kwa heshima, ameketi kwenye kigoda chini yake kama mtoto wa nyumbani. Kwamba mvua ikirudi na kushiba, sehemu yote iliyo chini ya masale itashuka. Kwamba hajui siku. Kwamba ahame yeye na watu wote wa nyumba, hata leo. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Akasema, "Mimi siondoki hapa. Kama ni kuondoka, iondoke ardhi."

Tulifanya nini? Tulifanya kila kitu, ndiyo uchungu wenyewe. Shemeji Naftali, kaka mkubwa wa Anaeli, alikuwa na gereji mjini, Ngarenaro, akaja na pikapu na vijana wake wa kubeba vitanda. Akapiga magoti, mwanaume mzima ana kitambi, mbele ya mama yake, akamwambia chumba kiko tayari, kina umeme, na kanisa liko karibu. Akamjibu, "Huko Ngarenaro baba yako yuko?" Naftali akasema, "Mama, baba amekufa." Akamjibu, "Amekufa yuko hapo mlangoni. Nikiondoka atakaa na nani?" Na akarudia yale maneno yake, kama yalivyo, kwa sauti ile ile. Mchungaji alikuja, akasoma, akaomba, akala, akaondoka. Mimi nilikuwa jikoni nimekunja ngumi. Niliuita ubishi. Nilisema moyoni, mwanamke huyu amejaa kiburi, anampenda marehemu kuliko walio hai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa sijazika mtu.

Mwisho Anaeli akatafuta ujanja. Akajenga kibanda juu, ng'ambo ya masale, akanihamisha mimi na Eliya na ng'ombe, na kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi: akabeba mafiga ya mama yake, mawe matatu ya jikoni, akayapandisha juu. Alifikiri mwanamke hufuata moto wake. Mama mkwe alirudi kutoka kisimani akakuta jivu. Akashuka kijitoni akachagua mawe mengine matatu, akayabeba moja moja kichwani, akayapanga pale pale. Hamisi aliyekuwa anatazama akaniambia, "Shemeji, laiti kilima kingekuwa na ubishi wa huyu mama, sisi tungeshafunga vyombo tukarudi Tanga." Na mimi nikacheka tena. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka sana mwaka ule.

Kwa hiyo ikawa hivi: napika juu, nashuka na chungu mchana nampelekea, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na moshi. Hakuwahi kunikemea kwa kuhama. Alikuwa anapokea, anaonja, anasema, "Leo umeweka siagi," na ananipa maharage kidogo ya kurudi nayo. Mvua ikarudi. Ilinyesha bila kupumzika, na sisi huko juu tulisikiliza tu. Kilima hakikufanya kitu. Kisha mvua ikakata. Jua likatoka zuri kabisa, mlima ukaonekana mpaka kileleni, majirani wakatoka nje wakaanika magodoro, na mmoja akamwambia Injinia kwa utani, "Haya, kisanduku chako kinasemaje leo?" Injinia hakutania. Alisema maji ya juu yameisha lakini ya chini ndiyo kwanza yanafika. Watu wakacheka. Mtu akisimama juani akakwambia ogopa maji, utafanyaje, utacheka.

Niliteremka na chungu cha ndizi, kimefungwa na jani, kinanichoma mikono. Nilifika kwenye masale nikasimama, maana nilisikia sauti kama ya kitambaa kipya kinachochanwa dukani. Ilikuwa mizizi. Mbele ya miguu yangu ardhi ikashuka, taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Halafu migomba ikaanza kutembea. Imesimama wima, majani yanacheza, inatembea kwenda chini kwa pamoja kama watu wanaotoka kanisani. Nyumba ikatembea nayo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ungo mkononi, alikuwa anatoka kuanika maharage. Aliinua uso akaniona. Nataka kusema alipiga kelele, au aliniita, au alinipungia, watu huwa wananiuliza. Hakufanya kitu. Aliniangalia kama mtu aliye kwenye gari linaloondoka anavyomwangalia aliyebaki stendi. Na mimi sikufanya kitu. Kisha kilima kikaanza kukimbia, na vumbi na tope, na ngurumo iliyoingia kwenye meno, na ilipokwisha palikuwa na anga mahali palipokuwa na paa. Chungu nilikuwa nimekishika. Ndizi zilikuwa bado za moto.

Hatukumpata. Injinia aliwazuia watu kuchimba kwa sababu pale palikuwa bado panasogea, wakamtukana, wakamsukuma, wakachimba, na udongo ukawarudia kila walipotoa. Mchungaji alisimama barabarani akakizika kilima kizima. Naye baba mkwe alikuwa amekwenda na kaburi lake na saruji yake, kwa hiyo wako pamoja humo ndani, mahali fulani, sijui nani juu nani chini. Nilipoinua macho niliona palipokatikia. Ukuta mzima, mpana, unang'aa kwenye jua kama umepigwa pasi na kupakwa mafuta, kijivu, laini, mzuri kutazama. Na juu yake, kwenye ukingo kabisa, masale. Yote yamesimama, hata moja halikuanguka. Kilima kilikuwa kimeheshimu mpaka. Kilichukua cha upande wake tu.

Injinia alikuwa ameketi kwenye jiwe, donge la udongo kiganjani, analifinya na kuliachia, maji yanamchuruzika. Hamisi alikuja akachukua chungu mikononi mwangu, maana nilikuwa nimesahau kukitua, akakiweka chini. Hakusema neno, na kwa Hamisi hicho kilikuwa kilio. Wiki ile ile lori la mawe likaja. Likamwaga mawe barabarani likageuza.

Anaeli alijenga juu ya masale, ndiyo nyumba hii. Tumezaa humu, tumesomesha humu. Hakuna aliyeyavuka masale kwenda kulima chini, na mpaka ulikaa miaka yote bila neno. Ni mwaka huu tu nimeona mlango wa chumbani unakataa kufunga, na Anaeli kabla hajaanguka mgonjwa alikuwa ameanza kuuranda. Tulitazamana, akaendelea kuranda.

Jumamosi iliyopita Neema akaja, na mabomba ya chuma kwenye buti la gari. Alikuwa ameshapima. Nilimpikia mtori wa ndizi, akala kidogo akaweka kijiko. Mimi nilikuwa nimeketi nje, karibu na babu yake, maana saruji ya kaburi imekauka na jua lilikuwa zuri, nimeweka ungo wa maharage juu yake.

"Bibi, ufa umepita nyuma ya zizi."

"Nimeuona."

"Umeshazunguka mpaka juu. Nyumba iko ndani. Kaburi la Babu liko ndani."

"Nimekwambia nimeuona, Neema."

"Ule udongo tulioukuta kaburini niliupima. Ni ule uliokwisha kukatika zamani, Bibi. Haubishi tena. Mvua za masika zikianza sina cha kufanya, hakuna wa kuleta mawe ya kutosha kilima kizima." Sauti ilimkatika. Mtoto anayetetemesha mafundi, analia mbele ya ungo. "Chumba kipo mjini, Sokon, nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa. Unayoipenda."

"Umefanya vizuri, mama."

"Kwa hiyo unakuja? Bibi, wewe ulisimama pale ukaona kwa macho yako. Hakuna mtu duniani ninayehitaji kumweleza kidogo kuliko wewe."

Ni kweli. Kila alichokisema ni kweli, nami najua zaidi ya alichokisema, najua sauti ya mizizi. Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilimwangalia alivyopiga magoti na suruali yake nzuri kwenye vumbi, kama Naftali alivyopiga, na nikajua anavyoniona: bibi kizee, kichwa kigumu, anayempenda marehemu kuliko walio hai. Niliangalia maharage. Yalikuwa hayajakauka. Nikayageuza kwa kiganja, upande huu na huu, mpaka yakaisha kugeuzwa. Halafu kinywa kikafunguka chenyewe, na sauti iliyotoka niliitambua, ilikuwa na miaka mingi haijasikika kihambani hapa.

"Mimi siondoki hapa. Kama ni kuondoka, iondoke ardhi."